Kamba Isilale na Maji

Mezani kwangu, kando ya kompyuta, kuna kipande cha kamba ya katani kinachotoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Wageni hudhani ni pambo. Mmoja aliwahi kuniuliza kama ni kamba ya mbuzi. Sijawahi kumjibu mtu vizuri, nabadilisha mazungumzo tu. Ni kipande cha kamba ya nanga ya mashua ya mjomba wangu, mashua iliyovunjikia kwenye matumbawe ya Maziwe, nje ya Pangani, usiku mmoja wa Julai 2004. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kutunza kamba ile ilikuwa kazi yangu.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimeandika sana kuhusu bandari: meli ngapi zimeingia, makontena mangapi yamekwama, gati gani linapanuliwa. Katika miaka yote hiyo sijawahi kuandika hata sentensi moja juu ya kile kinachoizuia meli isiondoke na maji. Nikajitetea kwamba si mimi peke yangu. Fungua kitabu chochote cha historia ya pwani utakuta tanga, utakuta mlingoti, utakuta kusi na kaskazi na watu wa Oman na Gujarati. Kamba ya nanga hutajwa siku ilipokatika. Siku nyingine zote ilipokuwa inafanya kazi yake, hakuna aliyeiona.

Nianze na ile ninayoijua.

Mashua ya mjomba ilikuwa ya tanga moja, haina mashine, na omoni, chini ya ubao wa kukalia, ilikuwa na kijisanduku chenye mlango. Humo ndimo kamba ililala. Mjomba alikuwa na utaratibu wake, na likizo ile ya mwezi wa sita alinikabidhi wote. Kamba ikitoka baharini isuuzwe kwa maji ya kisima, kwa sababu chumvi ikibaki ndani ya nyuzi inavuta unyevu hata siku ya jua. Itandikwe juu ya miti miwili aliyoichimbia uani, isilazwe mchangani, kwa kuwa mchanga ukiingia kati ya nyuzi unazikata polepole kama msumeno mdogo. Ikishakauka, ikunjwe kwa duara kufuata mkono wa kulia, jinsi mshale wa saa unavyokwenda, kwa vile kamba yenyewe imesokotwa hivyo. Ukiikunja kinyume inakasirika (neno lake hilo), inajifunga mafundo, na siku unaitupa nanga usiku inatoka yote kwa pamoja kama utumbo. Ndani ya kisanduku kulikuwa na vijiti vya mkoko vilivyopangwa chini ili hewa ipite. Mwisho wa kamba wa upande wa boti ulifungwa kwenye taruma, na hapo alinichekesha: eti wapo watu wazima, wenye mashua zao, waliowahi kutupa nanga na kamba yake yote baharini, halafu wakabaki wanatazamana.

Lakini neno alilolirudia kila siku lilikuwa moja: kamba isilale na maji.

Wiki ya kwanza nilifanya kila kitu. Wiki ya pili Ulaya wakaanza kombe lao, lile la 2004 kule Ureno, na palikuwa na kibanda cha video karibu na soko. Mjomba alikuwa anarudi alasiri. Kusuuza na kuanika kamba ya pima arobaini si kazi ya dakika tano, na mechi ya kwanza ilianza saa moja usiku. Basi nikawa naikunja vilevile inavyotiririka, naisukumiza ndani, nafunga mlango, naondoka mbio. Jua la asubuhi likipiga ule ubao, kisanduku kinakuwa tanuri. Kesho yake kamba inatoka ya moto, ina harufu ya unga uliochacha. Nikaizoea ile harufu. Wagiriki wakachukua kombe tarehe 4 Julai, mimi nikiwa kibandani nimekaa juu ya ndoo. Siku chache baadaye mjomba na mabaharia wake wawili walilala nje ya Maziwe, wakavua usiku, na kusi ikaongezeka.

Hakufa mtu. Nalisema mapema ili msomaji asisubiri maiti. Walikaa juu ya miamba maji yakiwa kifuani hadi kulipokucha na ngalawa moja ikawaona. Ila mashua haikuwa na mkuku tena. Ilikuwa imejengwa kwa pesa ya mjomba na ya shangazi, mkewe, aliyeuza maandazi kwa miaka isiyohesabika. Mjomba hakupata mashua nyingine. Tangu siku hiyo alikwenda baharini kwenye vyombo vya watu, kwa mgawo wa baharia. Na hakuna aliyeniuliza kitu.

Hapa ndipo historia iliponisaidia, au ilipokuwa maficho, sijui. Nilipoingia chuo kikuu nilianza kusoma habari za kamba. Nilijiambia ni udadisi tu.

Kabla ya katani kulikuwa na usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Mtu aliyekulia Unguja au Pemba hahitaji kuelezwa. Makumbi yanafukiwa kwenye tope la pwani, mahali maji yanapojaa na kupwa, yakae miezi hadi nyama ioze na kubaki nyuzi. Kisha yanafukuliwa, yanapigwa kwa magongo, yanaoshwa, yanaanikwa, na nyuzi zinasokotwa kwa viganja. Kazi hii karibu yote hufanywa na wanawake, na harufu ya makumbi yakifukuliwa haisahauliki. Ajabu ya kamba hii ni kwamba imezaliwa ndani ya maji ya chumvi, ndiyo maana maji ya chumvi hayaitishi. Haina nguvu ya katani, inabidi iwe nene. Lakini inavutika kabla ya kukatika, inaelea, na unaweza kuisahau imelowa bila kuja kulia. Kwa mvulana mvivu ndiyo ingefaa.

Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, hakutuachia maelezo ya kamba zetu. Lakini miaka kama kumi na miwili baadaye alikaa Maldivi, akaandika jinsi makumbi yalivyolowekwa kwenye mashimo ya ufukweni, yakapigwa kwa magongo, wanawake wakasokota, na kamba zikapelekwa India, Uchina na Yemeni. Ukisoma ukurasa ule unaona Makunduchi. Kamba hiyo yeye anaiita kwa Kiarabu qanbar. Najua unachofikiria, nami nilifikiria hivyohivyo. Lakini maneno kufanana sauti si ushahidi, na sitajenga nyumba juu yake.

Usumba haukuwa wa nanga peke yake. Ulishona vyombo vyenyewe. Mwandishi wa Kiyunani wa karne ya kwanza, yule wa kitabu cha safari za Bahari ya Hindi tunachokiita Periplus, anataja soko la mwisho la pwani yetu, Rhapta, na anasema jina limetokana na vyombo vya kushonwa. Wataalamu bado wanabishana Rhapta ilikuwa wapi. Wengine wanasema Rufiji, wengine Pangani. Sisi wa Pangani tunajua jibu letu, lakini hatuna ushahidi. Mitepe ya Lamu iliendelea kushonwa kwa kamba hadi karne ya 20 ilipoanza. Marco Polo alipofika Hormuz katika karne ya 13 alividharau vyombo vya kushonwa, aliviona ni vya kumwua mtu, ila hata yeye alikiri kwamba nyuzi za nazi hazili chumvi.

Kwa hiyo tuwawazie watu ambao kila mwaka, kabla ya msimu kugeuka, walikagua mamia ya pima za kamba kwa vidole. Nanga zilikuwa za jiwe, baadaye za chuma, na yenye mikono miwili ya Kizungu ikaitwa baura. Kamba yake nayo ilikuwa na jina lake, amari, neno ambalo leo ukilitamka sokoni watadhani unatoa oda. Kitu kupewa jina la peke yake maana yake kilikuwa na heshima ya peke yake. Hakikuwa "kamba" tu kama ya kufungia mzigo.

Na aliyejua thamani ya amari kuliko wote alikuwa adui.

Tarehe 7 Aprili 1498 Vasco da Gama alifika nje ya Mombasa akiwa na meli zake, São Gabriel, São Raphael na Berrio. Habari za Msumbiji zilikuwa zimeshamtangulia, na hakuna upande uliouamini mwingine. Tarehe 10 walipojaribu kuingia bandarini, meli ya mkubwa ilikataa kugeuka, ikaigonga ya nyuma yake, wakatupa nanga upya. Warubani waliokuwamo wakaona fursa, wakaruka majini. Jioni ile da Gama aliwahoji watu wawili aliowachukua Msumbiji kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini, hadi wakasema kuna mpango wa kuwashambulia. Haya hayakuandikwa na Mswahili mwenye kinyongo. Yameandikwa na Mreno aliyekuwa safarini nao.

Usiku wa manane mitumbwi miwili ikaja, ikasimama mbali. Watu wakateremka majini wakaogelea. Kundi moja likaenda Berrio, jingine Raphael. Hawa wa Berrio hawakupanda juu wala hawakuwa na haja na mtu yeyote. Walikwenda moja kwa moja kwenye amari, wakaanza kuikata. Walinzi walisikia maji yakichezacheza wakadhani ni jodari. Baadaye ndipo waliposhtuka na kupiga kelele, na waogeleaji wakazama gizani wakarudi kwenye mitumbwi. Wale wa Raphael walikuwa wameshafika kwenye kamba za mlingoti wa nyuma.

Nimekaa sana na tukio hili. Vitabu vya shule vimenifundisha da Gama kwa ramani yenye mishale. Hakuna kilichoniambia kwamba watu wa Mombasa walikuwa na hesabu ya kitaalamu kabisa: meli ile ina mizinga, sisi tuna visu, lakini meli ile imening'inia kwenye kamba moja, na kamba iko ndani ya maji, na maji ni yetu. Ukikata amari usiku, maji yakiwa yanakwenda, huna haja ya kupigana. Mwamba utamaliza. Ni watu waliojua kamba tu ndio wangeweza kuwaza hivyo. Siku ya tatu yake, tarehe 13, Wareno wakaondoka kwenda Malindi.

Kwa upande wao, mabaharia wa Ulaya walijifunza kwa gharama kwamba bahari za matumbawe hazihitaji hata waogeleaji wenye visu. Mfaransa Bougainville alipotia nanga Tahiti mwaka 1768 alipoteza nanga sita katika siku tisa. Matumbawe yalizitafuna kamba zake. Mnyororo wa chuma kwa meli kubwa ulikuja kuenea baada ya 1808, Samuel Brown wa jeshi la maji la Uingereza alipoupatia hataza. Kwa mashua ndogo, mnyororo ulibaki kuwa kitu cha matajiri. Mjomba hakuwa nao hata pima moja. Alizungusha matambara kwenye kamba pale inaposuguana na omo, na huko chini kwenye mwamba akamwachia Mungu.

Sasa katani, ambayo kwangu ni habari ya kifamilia kwa namna ya ajabu, maana mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipandwa Kikokwe, karibu kabisa na Pangani, mahali ambapo ukipiga kelele upepo ukiwa mzuri utasikika mjini. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Asili ya mmea ni Yucatán, Meksiko, ambako bandari ya Sisal iliupa jina lake la Kizungu. Ulipelekwa Florida miaka ya 1830 na daktari Henry Perrine. Meksiko haikutaka miche yake itoke, ndiyo maana watu wa Tanga wanapenda kusimulia kwamba ililetwa imefichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Hadithi nzuri hiyo. Ukweli hauna mamba: miche iliagizwa kwa wafanyabiashara, ikapitia Hamburg, na kati ya ile 1,000 iliyofika hai ilikuwa 62.

Kutokana na hiyo 62 ukatoka mkoa mzima wa mistari iliyonyooka. Watu waliletwa kutoka mbali kuukata, wakapewa namba badala ya majina, wakaitwa manamba, na hadi leo ukitaka kumtukana mtu kwamba hana thamani mbele ya bosi unaweza kutumia neno hilo. Vita vya Pili vilipofika Mashariki ya Mbali na Wajapani wakaichukua Ufilipino mwaka 1942, Waingereza na Wamarekani walikosa kamba ya Manila, iliyokuwa kamba bora ya meli kuliko zote. Mkonge wa Tanganyika ukawa bidhaa ya vita, na serikali ya kikoloni ikawashika watu kwa lazima kwenda kufanya kazi mashambani. Manowari zilizofungwa gatini na meli zilizobeba ngano kuvuka Atlantiki zilishikiliwa na kazi ya watu wa Tanga ambao hawakuwahi kuziona. Nilipoyasoma haya nilitoka nje ya maktaba nikanunua chai. Nilikuwa nikiiona katani kama kitu cha kwetu, cha bei rahisi, cha kufungia magunia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Halafu plastiki ikaja. Nailoni ilikuwa imeshavumbuliwa 1935 na Wallace Carothers huko Marekani, na polipropilini ilifuata miaka ya 1950. Mashamba mengi yakataifishwa 1967, bei ikaendelea kuanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000 tu. Ubishi wa nani aliua mkonge, Azimio au plastiki, bado unaendelea vijiweni Tanga na sitauingia. Ninachojua ni kwamba mwaka 2000 mjomba alinunua pima arobaini za katani kwa sababu zilikuwa rahisi, na kwa sababu alikuwa anajua kuzitunza.

Maana katani si usumba. Ina nguvu, inashika fundo vizuri, haitelezi mkononi; lakini inakunywa maji. Ikilowa inavimba na kuwa ngumu kama fimbo, na ikifungiwa na maji yake mahali pa joto inaoza kuanzia ndani. Ukiwa nje huoni kitu. Rangi ni ileile, unene uleule. Namna pekee ya kujua ni kuishika kwa mikono miwili, kuisokota kinyume ili misokoto mitatu ifunguke, na kutazama katikati. Ikiwa nzima, ndani ni nyeupe zaidi kuliko nje, kwa sababu jua halijafika. Ikiwa imekufa, ndani ni kahawia, ina vumbi, na ukichomoa uzi mmoja unakatika bila mlio.

Hayo yote nilijifunza kwenye vitabu. Mwaka jana nikaamua kwenda kumwuliza mwenyewe.

Nilimkuta barazani anashona wavu wa mtu. Ameanza kuona kwa shida lakini vidole havihitaji macho.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na gari au basi?"

"Basi."

"Afadhali. Ukija na gari unaondoka siku hiyohiyo."

Tulikula. Tulizungumza habari za shangazi, Mungu amrehemu. Nilizunguka hadi nikachoka, halafu nikasema tu: mjomba, ile kamba ya 2004 nilikuwa siianiki. Nilikuwa naiingiza na maji yake kwa sababu ya mpira.

Hakuinua kichwa. Alisema, "Najua."

Nikanyamaza.

"Ilikuwa inanuka," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naitupa, unadhani pua yangu ilikuwa wapi?"

Akainuka, akaingia ndani, akakaa muda. Alirudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti la zamani. Ni hiki kilichopo mezani kwangu. Alikuwa amekikata kwenye kipande kilichobaki omoni, asubuhi ileile, kabla ya watu wa ngalawa kuwachukua. Yaani mtu amepoteza mashua, amesimama kwenye maji tangu usiku, halafu anatoa kisu akate ushahidi. Akanipa, akaniambia nitazame ncha ilipokatikia.

Nilitazama kama nilivyosoma. Msokoto mmoja ulikuwa na nyuzi za urefu mbalimbali, zimechanika na kusuguka, nyeupe: hapo ni jiwe. Miwili ilikuwa imekatika mahali pamoja, fupi, kahawia, kama imeunguzwa.

"Jiwe limekata moja," alisema. "Hizo mbili hazikumsubiri mtu."

Nikamwambia kwamba basi ni mimi. Akacheka, ila si kicheko cha furaha. Akasema kamba ilikuwa ya mwaka wa nne na yeye hakuifungua kuitazama ndani tangu mfungo. Akasema usiku ule palikuwa na maji ya pima sita, alitakiwa kulegeza pima thelathini au zaidi ili nanga ivutwe kwa ubavu na izidi kujichimbia, lakini alilegeza kumi na nane tu, kwa sababu palikuwa na vyombo vingine karibu na aliona aibu mashua yake kuzungukazunguka mbele ya watu. Kamba fupi inavutwa juu kwa juu na inapata kila kishindo cha wimbi. "Wewe ulikuwa mtoto. Nahodha nilikuwa mimi. Nahodha akisikia harufu akanyamaza, harufu ni yake."

Sikujua niseme nini. Miaka ishirini nilikuwa nimebeba kitu nikidhani ni changu peke yangu, kumbe mwenzangu alikuwa na upande wake wa mzigo, na kila mmoja alikuwa anamwonea mwenzake huruma kimyakimya. Nilitaka kumkasirikia kwa kutoniambia. Nilitaka pia kumwuliza kama shangazi alijua. Hilo sikuuliza.

Kesho yake asubuhi alinipeleka ufukweni kwenye boti ya mpwa wake mwingine, binamu yangu, ya faiba na mashine ya nyuma. Kamba ya nanga ilikuwa imetupwa omoni kama nguo chafu: kipande cha nailoni nyeupe kimeungwa na kipande cha ile ya plastiki ya bluu, lundo lote juani, dumu la petroli juu yake. Binamu alijitetea kwamba kamba za siku hizi hazina haja ya matunzo. Haziozi, alisema, na hapo hakukosea. Mjomba akachukua ile ya bluu, akaisugua kati ya viganja, akamwonyesha: viganja vilikuwa vyeupe kwa unga wa plastiki. Jua linaila. Nailoni alikuwa anaikubali, inavutika vizuri wimbi linapopiga, ila aliikunja na ikasikika ikilia kwa chumvi iliyokauka ndani yake.

"Maji ya kisima," akasema. Sikuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Tuliisuuza kwenye pipa. Tukaifungua ile ya bluu, akaitupa kando kwa ajili ya kufungia mbuzi. Nailoni tukaitandika juu ya mikoko kivulini. Alipoishika urefu wote, pima kwa pima, alipata sehemu mbili zilizochakaa, zote upande wa nanga, ambako inasuguana na chini. Akasema bado ina miaka ikigeuzwa: ncha iliyokuwa kwenye nanga iende kwenye boti, ya kwenye boti iende kwenye nanga. Binamu akafungua fundo la taruma, mimi nikafungua la nanga, tukabadilishana ncha. Mjomba akaketi kwenye ukingo wa boti akaanza kuikunja, mkono wa kulia, duara juu ya duara, huku akituuliza habari za mechi ya jana.

Tulimaliza kabla ya adhuhuri. Ilikuwa bado na unyevu kidogo, kwa hiyo hatukufunga mlango.